Ukichuma sombe kila wiki, muhogo utakula nini?

Safari hii barua karibu zote ni za mashamba na mimea. Tumechukua nne.

Niko na shamba kidogo ya mihogo kule Walungu. Kila wiki tunachuma sombe (majani ya muhogo) ya kula, ingine naenda kuuzisha ku soko ya Kadutu. Mwaka huu tumeng'oa tukakuta mihogo myembamba tu, na miti ilikuwa mirefu, majani mabichi kabisa. Mama mkwe anasema udongo umechoka, bwana yangu anasema ni juu ya sombe. Nani anasema kweli? (Mama wa Walungu)

Mama, bwana yako anasema kweli, hata kama mama mkwe naye hajakosea yote, juu udongo uliochoka unaumiza muhogo pia. Lakini wacha nieleze vile inaenda, maana wengi wetu tunafikiri chakula ya mti inatoka chini ku mizizi, na hapo njo tunapotea. Mizizi inaleta maji na chumvichumvi za udongo, basi. Chakula yenyewe, ile sukari, inapikwa ku majani, jani njo jiko. Jani iko na matundu madogo sana huwezi kuyaona na macho, kwa muhogo mengi yako upande wa chini, hewa ya ukaa inaingilia pale, maji yanapanda toka ku mizizi, na ile rangi ya kijani inayoitwa klorofili inashika mwanga wa jua, sasa vyote vitatu vikikutana inatoka sukari, halafu oksijeni inatoka inje, njo hiyo tunapumua. Watoto wanaisoma shuleni kwa jina la fotosintezi.

Ukitaka ushahidi kwamba mti haukuli udongo, kuna mtu wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, alichukua udongo akaukausha, akaupima, akapanda ndani yake mti mdogo, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mwisho mti ulikuwa umeongezeka kama kilo 74 na udongo umepungua gramu 57 hivi. Kitabu chake kilitoka 1648, yeye akiwa ameshakufa. Aliamini uzito wote ni maji, hakujua kwamba hewa imo, lakini mie kila nikikumbuka zile gramu 57 nashangaa upya.

Sasa turudi Walungu. Sukari ya jani inashuka kupitia mishipa iliyo chini tu ya ganda, ikifika ku mizizi inageuka wanga, njo ule unga wa bugali. Lakini muhogo hauanzi na mizizi: unalisha kwanza majani na matawi yanayokua, kile kinachobaki njo kinawekwa chini. Na wewe ukichuma sombe unachukua ncha na majani machanga. Jani changa bado halijaanza kutoa kitu, linaletewa sukari na majani makubwa mpaka likomae, kwa hiyo mti umelilisha, umelikuza, na mbele halijarudisha hata kidogo wewe umelibeba Kadutu. Mti unaanza tena, unatoa matawi mapya, na sukari inaishia huko huko juu, wiki kwa wiki, mizizi inangojea. Njo maana shamba ilikuwa ya kijani na kupendeza ukadhani mambo iko sawa.

Siwezi kukuambia uache sombe, watoto wanapata protini pale na wewe unapata feza. Gawa shamba. Mistari ya karibu na nyumba iwe ya sombe, chuma utakavyo bila kutegemea mihogo yake. Ile mingine iwe ya mihogo: iache ikue miezi 4 hivi bila kuigusa, na hata baadaye ukichuma, ipumzishe kama miezi 2 mbele ya kurudi, na majani makubwa usiyaguse kabisa. Tena angalia mozaiki, ule ugonjwa wa virusi wa muhogo. Jani lenye madoa ya manjano na lililojikunja liko na kijani pungufu, sukari yake inapungua vilevile, na ukikata kijiti cha kupanda ku mti kama huo unapanda virusi pamoja nacho.

Nasoma sekondari hapa Goma. Mama mkubwa anakataza maua ndani ya chumba ya kulala, anasema usiku yanatoa hewa kama ya mazuku. Ni kweli? (Mwanafunzi, Goma)

Mdogo wangu, mama mkubwa hajatunga hiyo kitu. Mmea unapumua kama sisi, usiku na mchana, unachoma sukari yake ili upate nguvu ya kukua, na hapo unatoa hewa ya ukaa. Mchana huoni juu unatengeneza oksijeni mingi kuliko ile unatumia. Daktari Mholanzi Jan Ingenhousz alionyesha hiyo 1779: majani yaliyo ndani ya maji yanatoa mapovu kukiwa na jua, ukiyaweka gizani mapovu yanaisha.

Shida iko ku kipimo. Chungu moja ya maua inatoa ukaa kidogo sana, mtu mmoja aliyelala pale anatoa mingi zaidi. Mazuku ni habari ingine kabisa: ni ukaa unaotoka ndani ya ardhi ya volkano, ni mzito kuliko hewa ya kawaida, unajaa ku mashimo na mabonde, sana sana usiku na asubuhi upepo ukitulia, kule upande wa Sake na kandokando ya ziwa, na unaua mbuzi na watu. Ua haliwezi kufanya hivyo. Kile naomba umwambie mama mkubwa, na umwambie leo, ni babula, lile jiko ya makala, ndani ya chumba iliyofungwa. Ile inatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na watu wanakufa usingizini. Babula ilale inje, maua yabaki.

Ndizi haina mbegu, sasa ya kwanza ilitoka wapi? (Kijana wa Bagira)

Ndizi za porini za Asia ya kusini-mashariki ziko na mbegu, nyingi na ngumu. Watu wa zamani walichagua zile chache zisizo na mbegu, wakang'oa watoto wanaochipuka pembeni wakapanda, na sisi bado tunafanya vile. Tunda linajaa lenyewe bila chavua. Ubaya ni kwamba mtoto anafanana na mama kwa kila kitu, ugonjwa ukimshinda mmoja unawashinda wote, na huku Kivu tunaujua ule mnyauko wa migomba ulioonekana Masisi 2001. Ukitoka kukata mgomba mgonjwa, pitisha panga ku moto mbele ya kugusa mwingine.

Avoka yangu inachanua sana, maua yote yanaanguka. Ya jirani inazaa. Nikate? (Papa wa Kabare)

Papa, usikate bado. Maua ya avoka kuanguka ni kawaida, hata kwa mti unaozaa vizuri, katika maua mia moja haifiki moja linalokuwa tunda. Ua la avoka linafunguka mara mbili: mara ya kwanza ni jike, liko tayari kupokea chavua, linafunga, kesho yake linafunguka tena likiwa dume, linatoa chavua. Kuna miti inayokuwa jike asubuhi, mingine jike mchana, kwa hiyo miti ya aina mbili ikikaa karibu inasaidiana vizuri, na nyuki njo wanabeba. Wa jirani unaweza kuwa aina moja na wako, au yeye ndiye aliye karibu na mizinga. Usipige dawa ya wadudu wakati wa maua, hiyo ya kwanza. Ya pili, mti uliootesha kwa kokwa unaweza kukawia miaka mingi kuzaa, mara 5, mara 10 na zaidi, wakati ule wa kupandikiza unaanza mapema. Utuandikie: mti wako uko na miaka ngapi, na uliupanda kwa kokwa ao uliununua umeshapandikizwa?