Anaimba namba ila hazijui

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu wa miaka 9 ana Down sindromu, tupo hapa Dodoma. Anaimba moja mpaka kumi vizuri tu ila nikimwambia lete maandazi manne analeta sahani nzima. Mwalimu kasema nimwache.

JIBU: Marahaba mama, usimwache hata kidogo! Kuimba namba na kujua wingi ni vitu viwili tofauti, na watoto wengi wenye hali hii (kromosomu ya 21, yaani uzi wa urithi ndani ya seli, zipo tatu badala ya mbili, ilijulikana tangu 1959, wala sio kosa lako) wanashika vizuri wanachokiona kuliko wanachosikia, kwahiyo namba za mdomo zinamponyoka. Sasa chukua zabibu, weka 2 sahani hii, 8 sahani ile, muulize wapi nyingi bila kuhesabu, akizoea punguza tofauti mpaka ifike 4 kwa 5. Dakika 10 kila siku, akichoka acha. Halafu nenda nae Majengo sokoni akaone mafungu ya nyanya, nne chini moja juu, hiyo ndo tano, aishike kwa mkono. Na masikio na macho yapimwe, mara nyingi yana shida kwa watoto hawa.