Shafti imepimwa 50 kamili lakini inazunguka ndani ya beringi: jibu kwa mleta mada

Mleta mada ameeleza kwamba alikereza shafti ya kinu cha kusaga nafaka kwa ajili ya beringi 6210 (yenye tundu la milimita 50), akaipima kwa vernia, yaani rula ya taya yenye mistari midogo, na kupata milimita 50 kamili, lakini baada ya muda mfupi mteja alirudi akilalamika kwamba shafti inateleza ndani ya ringi. Anauliza kama aliuziwa beringi feki. Beringi feki zipo madukani, sikatai, lakini kwa maelezo uliyotoa, mdogo wangu, mimi ningeanza kuitilia shaka shafti. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukereza shafti za vinu na pampu katika karakana za hapa Morogoro, na malalamiko ya namna hii mara nyingi chanzo chake ni kipimo kilichochukuliwa shafti ikiwa ya moto, au uso wa shafti ulioachwa na mifereji ya tulbiti (kisu cha mashine ya kukereza).

Hiyo "50 kamili" yenyewe haitoshi kuwa kipimo cha kufanyia kazi. Tundu la beringi 6210 ya daraja la kawaida linaruhusiwa kuwa popote kati ya 49.988 na 50.000, na shafti inayozunguka pamoja na ringi ya ndani lazima iwe nene kidogo kuliko tundu hilo ili ringi iibane. Kwa mzigo wa kawaida majedwali hutoa alama k6 (alama ya mipaka ya unene wa shafti), ambayo kwa kipenyo cha 50 ni kuanzia 50.002 hadi 50.018. Nafasi nzima uliyopewa ni 0.016 ya milimita, wakati mstari mmoja wa vernia nyingi tunazotumia ni 0.02. Vernia ni chombo kizuri cha kukufikisha karibu na kipimo, lakini hapa haina uwezo wa kukuambia kama umeingia ndani ya nafasi hiyo au umeshapitiliza.

Sasa ongeza joto. Chuma hutanuka takriban 0.0115 ya milimita kwa kila mita moja na kila nyuzi moja ya joto. Shafti ya 50 iliyotoka kukatwa ikiwa na nyuzi 60, ukaipima papo hapo na kupata 50.015, utaifurahia, ikishapoa na kufikia nyuzi 30 za karakana itakuwa imepungua kama 0.017, yaani imeshuka hadi 49.998, nje ya nafasi yote. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa vipimo vya dunia vimewekwa kwa nyuzi 20, sisi wa nchi za joto hatuwezi kupima sawasawa. Hoja hiyo haina uzito kwa kazi hii, kwa sababu shafti, beringi na maikromita (chombo cha kupimia kwa usahihi zaidi ya vernia) zote ni chuma na zote zikikaa pamoja hutanuka pamoja. Kinachoharibu kazi ni tofauti ya joto kati yao. Iache shafti ipoe hadi ukiishika usihisi tofauti yake na kitanda cha mashine, ndipo upitishe mkato wa mwisho.

Kuhusu uso, tulbiti yenye ncha ya mviringo wa nusu kipenyo 0.4 ya milimita ikienda kwa mwendo wa 0.3 ya milimita kwa kila mzunguko huacha matuta yenye kimo cha karibu 0.028 ya milimita. Maikromita hukaa juu ya matuta hayo na kukupa namba nzuri, lakini beringi ikigongwa kuingia huyalaza, na ule unene uliokuwa unategemea kubana unatoweka. Punguza mwendo hadi 0.1 na kimo kitashuka hadi kama 0.003.

Mimi huacha karibu 0.6 ya milimita kwenye kipenyo, kisha naigawa katika mikato miwili iliyo sawa. Baada ya mkato wa kwanza, kazi ikiwa imepoa, napima nione mashine imeondoa kiasi gani hasa, maana lezi (mashine za kukerezea) zetu nyingi ni kuukuu na namba ya kwenye mkono wake haiaminiki bila kuhakikiwa. Usijiachie 0.02 ya kumalizia kwa tulbiti butu. Hiyo haikati, inasugua tu. Na ukizungusha mkono ukapitiliza, rudi nyuma nusu mzunguko ndipo uje tena mbele, kwa sababu skrubu iliyolika ina nafasi tupu.

Shafti uliyonayo sasa usiipige nukta kwa senta panchi (chuma chenye ncha) ili kuinua uso wake, ingawa ndiyo dawa ya mtaani. Nukta chache haziwezi kubeba mzigo wa kinu, zitalala na tatizo litarudi. Kuijaza kwa welding kunawezekana, lakini joto huipinda, kwa hiyo lazima uinyooshe na kuikagua kwa dayo geji (saa ya kupimia mpindo) kabla ya kuikereza upya. Kwa shafti fupi kama hiyo naona kutengeneza mpya kuna nafuu.

Ukienda kununua maikromita, usichukue ya 25 hadi 50, kwani 50.010 haiifikii. Chukua ya 50 hadi 75, uhakikishe ndani ya boksi kuna kile kipande cha 50 cha kuihakiki, na kipande hicho ukiweke kando ya kazi dakika kadhaa kabla ya kupima.