Amefaulu kipimo cha masikio, mbona darasani haelewi?

Dada, mtoto kusikia milio yote kwenye chumba kimya na bado akapotea darasani ni jambo linalowezekana kabisa, wala si utundu. Kipimo kile huonyesha sauti ndogo kiasi gani inamfikia. Hakionyeshi kama anaweza kuyachambua maneno ya mwalimu katikati ya kelele.

Omba kipimo cha kuelewa usemi kwenye kelele. Husikilizishwa sentensi fupi huku watu wengine wakisikika wakiongea, naye hurudia alichosikia (mtoto mdogo sana huonyesha kwa kidole picha ya alichosikia). Kelele huongezwa kidogo kidogo mpaka aanze kukosea. Matokeo hutolewa kwa desibeli (kizio cha kupimia ukubwa wa sauti): sauti ya msemaji iizidi kelele kwa kiasi gani ndipo aelewe nusu ya maneno. Yalinganishwe na ya watoto wa umri wake, si ya watu wazima, maana uwezo huu huendelea kukomaa hadi ujanani.

Na tafadhali sana, apimwe kwa lugha anayoimudu zaidi, la sivyo mtapima msamiati wake. Kwa sasa akae mbele, mbali na feni na dirisha lenye kelele.