Kuhamishia betri nyuma ya kiti, Datsun 1200 pikapu
Mkuu, umeuliza kama waya wa zamani ukiungwa unatosha kufikisha betri nyuma ya kiti. Hautoshi. Nunua waya mmoja mzima wa shaba, milimita 50 za mraba, usiuunge njiani. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri, maana waya ukichubukia kwenye bati moto wake si wa mchezo. Wangu ulichubuka pale unapopenya kwenda kwenye injini. Nilisahau kuweka mpira kwenye tundu, uzembe wangu. Hasi ifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na injini iwe na athi yake, yaani waya wa kuiunganisha na bodi. Betri ya maji ndani ya kebini hapana, inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Mwisho, piga stata huku unapima volti kati ya chanya ya betri na boliti ya stata: ikizidi nusu volti, kagua maungio.