Visa ya sponsa, mdogo wangu, si visa yako

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye gari, saa nne kasoro usiku, nimeegesha nje kwa mzee wa mwisho ninayemhudumia nasubiri muda wa kuingia. Nikaurudia nyumbani. Umeuliza mshahara ni kiasi gani, kama mtu anaweza kuhama kazi, kama anaweza kuja na familia, makaratasi ya kudumu yanapatikana baada ya muda gani, na kama huyo wakala anayetaka milioni 18 akulete Uingereza kufanya kea, hii kazi yetu ya kuhudumia wazee, ni wa kuaminika. Katikati ya maswali ukanirushia neno: eti sisi tukishavuka tunauchoma mtumbwi, tunawabania wenzetu riziki. Hilo neno limeniuma kuliko ulivyokusudia. Nimeona niandike, maana kwa simu ningekufokea, halafu ningelia.

Naanza na wakala kwa sababu kiwanja bado hujauza. Usimpe hata shilingi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haitoi visa ya kea kwa mtu anayeomba akiwa nje ya nchi. Hazijapungua, wala hazihitaji mtu anayejua njia za panya. Zimefungwa. Wanaoruhusiwa kuendelea ni sisi tuliokwisha kuwa ndani, na hata sisi tumepewa mpaka Julai 2028. Kwa hiyo huyo bwana anakuuzia hewa, na karatasi aliyokuonyesha yenye nembo ya taji mtu yeyote mwenye printa anaweza kuitoa.

Hata mlango ulipokuwa wazi, hakuwa na haki ya kukutoza. Huku kuna sheria ya mwaka 1973 inayomkataza wakala kumdai mtu hela ya kumtafutia kazi. Tena Tanzania ipo kwenye orodha nyekundu ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya, na wakala wa huku haruhusiwi kuja kuwasaka watu kwenye nchi hizo. Mtu akitaka anaomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Wengi wetu tulilipa bila kujua hayo. Mimi nililipa.

Sasa nikueleze kwa nini neno lako limeniuma.

Mwaka 2023 kuna binti alinipigia, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Unamfahamu, sitamtaja. Aliniuliza, "Dada, kazi kweli zipo?" Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimekatwa masaa. Mkataba ulisema masaa 39 kwa wiki. Nilikuwa napata 22, wiki nyingine 16. Ndicho kile kipindi nilichokuwa nawaambia nyumbani kwamba benki ina matatizo ya mtandao. Niliona aibu kumwambia ukweli. Nikamjibu, "Zipo, njoo tu." Maneno matatu.

Akaja Novemba. Kwao walikuwa wamekopa kila mahali kumlipa wakala. Kampuni iliyomleta ikampa siku chache za mafunzo, kisha wateja wawili, jumla masaa nane kwa wiki. Walikuwa wameleta watu wengi kuliko wazee waliokuwa nao wa kuhudumiwa. Faida yao ilikuwa kwenye kuleta watu. Kufika Februari leseni yao ya kufadhili wafanyakazi kutoka nje ikafutwa, na baadaye barua ya uhamiaji ikamfikia: siku 60, awe amepata mwajiri mwingine mwenye leseni na kuomba visa upya, au awe ameondoka. Visa zetu zina maandishi kwamba hatugusi misaada ya serikali, kwa hiyo hizo siku 60 mtu anakula kwa ndugu.

Alikaa kwangu. Chumba kimoja, mimi kitandani, yeye sakafuni kwenye godoro la kujaza upepo ambalo likifika alfajiri limeshanywea, mgongo unagusa mbao. Nilibandika karatasi yenye tarehe kwenye mlango wa kabati, akawa anakata moja kila usiku kabla hajalala. Maombi ya kazi tulihesabu mpaka 70, tukaacha kuhesabu. Wengi hawakujibu. Wengine waliuliza swali moja tu: una leseni ya udereva na gari? Leseni ya nyumbani unaruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo ufanye mtihani wao. Yeye hakuwahi hata kujifunza. Mwajiri mmoja alimpigia mwenyewe kwa simu, sauti ya upole kabisa, akamwambia cheti cha ufadhili, kile cha mwajiri cha kuombea visa, kipo ila alipe paundi 4,000 kwanza.

Siku ya 53 akapata, mji wa mbali, mwendo wa karibu masaa manne kwa treni. Nilifurahi nikapika. Yeye hakugusa chakula. Aliniangalia akaniuliza, "Na hawa nao wakifungiwa?"

Hilo swali lake ndilo jibu la maswali yako yote manne yaliyobaki. Visa ya sponsa, yaani ya kufadhiliwa na mwajiri, ni ya huyo mwajiri. Jina na picha ni vyako, lakini uzi anaushika mwingine. Yule binti yupo mpaka leo, amejifunza gari, ana masaa ya kutosha, na bado anaishi kama yuko siku ya 53. Anafanya siku 12 mfululizo bila kukataa. Mteja wa kwanza saa moja asubuhi, wa mwisho saa nne usiku, katikati kuna mapengo ya saa mbili au tatu ambayo halipwi, anajikunja kwenye gari na koti. Muda wa kuendesha kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine sheria ya kima cha chini cha mshahara inauhesabu kuwa ni kazi. Kampuni yake hailipi. Nimemwonyesha kifungu, amekisoma, akanirudishia simu. "Dada, nikidai nitakuwa wa kwanza kufungashiwa virago."

Sasa nijibu kwa haraka, maana mengine utayaelewa mwenyewe.

Mshahara: kiwango cha chini cha visa yetu tangu Aprili 2025 ni paundi 25,000 kwa mwaka, yaani 12.82 kwa saa. Ukiondoa kodi na bima ya taifa, mkononi zinafika kama 1,790 kwa mwezi, na mchango wa pensheni unazishusha kuelekea 1,700. Humo utoe chumba, umeme, bima ya gari, mafuta. Najua ukizidisha kwa shilingi unaona mlima. Usizidishe. Na hiyo ni hesabu ya mtu anayepewa masaa yake yote.

Kuhama kazi unaweza, ila mwajiri mpya awe na leseni, atoe cheti, uombe visa nyingine na usianze mpaka itoke. Kazi ya ziada ni masaa 20 kwa wiki, na si kazi yoyote; huwezi tu kwenda ghalani kubeba boksi kama walivyofanya kaka zetu waliotangulia. Familia: kea aliyeingia kwenye visa hii kuanzia tarehe 11 Machi 2024 haruhusiwi kuleta mume, mke wala mtoto. Wapo wanaolea watoto kwa simu, na si kwa sababu hawana nauli.

Makaratasi ya kudumu yalikuwa miaka mitano. Mimi nilifika Septemba 2022, kwa hiyo nilikuwa nahesabu miezi kama mjamzito. Nikanunua kitabu cha mtihani wa maisha ya Uingereza, maswali 24, nikawa nasoma kwenye yale mapengo ya mchana. Nikaanza kuweka akiba ya ada, ambayo mwaka 2025 ilikuwa paundi 3,029 kwa mtu mmoja. Nikajitahidi nisizidishe siku 180 nje ya nchi ndani ya miezi 12, ingawa nani ana nauli ya kukaa nje siku 180. Mei 2025 serikali ikatangaza nia ya kufanya iwe miaka 10. Novemba mwaka huohuo ikaja na pendekezo la miaka 15 kwa kazi za ngazi yetu. Siku ile nilikuwa jikoni kwa bibi mmoja nampashia supu, redio inasema, mikono ikaendelea kukoroga. Jioni nilikifunika kile kitabu nikakiweka juu ya kabati.

Na ukifika kwenye uraia wenyewe, unajua sheria ya kwetu: mtu mzima akichukua wa huku, wa nyumbani anauacha. Bunge limepitisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya kwetu waliochukua uraia wa nje, nashukuru, lakini hadhi si uraia. Hilo sijawahi kumwambia mama.

Kazi yenyewe siionei aibu, nataka ulijue hilo, maana nimesikia mnavyosema huko "wanaosha vizee". Nina bibi wa miaka 91, alikuwa mwalimu. Nikimgeuza kumbadilisha pedi ananishika vidole viwili, na hanikwaruzi hata akisikia maumivu. Anasubiri mpaka nimfunike ndipo anaachia. Kumwosha mtu wa namna hiyo si fedheha. Fedheha ni kupigiwa simu na mtoto wa miaka 24 aliye ofisini, akaniambia nikikataa shifti ya Jumapili atalazimika "kuangalia upya ufadhili wangu". Nilikwenda hiyo Jumapili. Ningekuwa na makaratasi yangu nisingekwenda.

Basi baki nyumbani. Una mafundi wawili chini yako, una wateja wa umeme wanaokutafuta wenyewe, kiwanja kina jina lako. Milioni 18 huku ni kupanda ndege tu. Kwako ni gari la kazi.

Lakini hapohapo nataka uniitie wifi yangu. Yeye ni muuguzi, na njia ya wauguzi haijafungwa. Aanze na mtihani wa Kiingereza, IELTS: alama 7 kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kuandika. Kisha aombe usajili kwenye baraza la wauguzi la huku, NMC, mwenyewe, bila wakala. Kuna mtihani wa kompyuta wa paundi 83, halafu wa vitendo unaofanyika huku, paundi 794. Ni safari ndefu, pengine mwaka au miwili, na karatasi zake za chuo zianze kufuatiliwa sasa, maana unajua mihuri ya kwetu inavyochelewa. Muuguzi bado anaruhusiwa kuja na mwenza na watoto. Wewe ukija kama mwenza wake utaruhusiwa kufanya kazi karibu yoyote, kwa mwajiri yeyote, umeme au ghala au chochote. Utakuwa huru kuliko mimi niliyekutangulia.

Visa yake nayo itakuwa ya mwajiri, na siku 60 zinamhusu vilevile. Na ya kwako itakuwa imefungwa kwake, kwa hiyo mkiwa na jambo lenu lolote la ndani limalizeni kabla ya kupanda ndege. Nimeona ndoa hapa ambazo mmoja alinyanyua simu kumtishia mwenzake kwa visa. Mkija, msifike hapo.

Najua nimekwambia ubaki, halafu nimekwambia wifi aanze kusoma. Yote mawili nayamaanisha. Utaniuliza mbona mimi sirudi. Dawa za mama za kila mwezi unazijua, na ada za wadogo zetu unazijua. Nikiondoka sasa, miaka yote hii inabaki kuwa nauli. Na kuna asubuhi, barabara tupu, ukungu umelala mashambani, napita peke yangu kwenda kwa yule bibi, najisikia vizuri kabisa. Sikufichi na hilo.

Yule binti nilimwomba msamaha mwaka jana. Alisema, "Dada, ungeniambia ukweli ningedhani unanibania." Nikakumbuka sauti yako.

Nitumie jina la hiyo kampuni ambayo wakala anasema atakupeleka, herufi kwa herufi, na picha ya karatasi aliyokuonyesha. Orodha ya waajiri wenye leseni ipo wazi kwenye gov.uk, bure, nitaitazama usiku huuhuu. Hata jina likiwemo, kuhusu zile milioni jibu langu ni lilelile. Jumatano sina shifti. Nipigie, na wifi awe karibu na simu.