Katikati ya barafu ya Aktiki hali ya hewa inapimwaje

Umeuliza data zinatoka wapi wakati kule katikati ya Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, hamna kituo wala mtu. Kazi kubwa inafanywa na maboya, yanawekwa juu ya barafu yanaenda nayo popote inapokwenda, manake barafu ya bahari haitulii, ndo maana huwezi kujenga kituo cha kudumu pale. Boya linapima mgandamizo wa hewa, mengi yanapima na joto, halafu linatuma kwa setilaiti pamoja na mahali lilipo, mtandao wa maboya haya upo tangu 1979.

Ila kuchakata data hizo ndo kazi yenyewe aisee. Theluji ikilifunika boya, joto linasomeka limetulia tu siku nzima wakati nje baridi inabadilika vibaya sana, kumbe sensa imefunikwa kama na blanketi. Namba hizo ukiziingiza kwenye modeli, ile programu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa, bila kukagua umeharibu utabiri. Ndo maana naithamini sana ile safari ya Polarstern, meli ya Ujerumani iliyoachwa makusudi ishikwe na barafu 2019 hadi 2020, watu walikuwepo pale pale wakirusha puto za vipimo kila masaa 6, hata kwenye giza la miezi.