Kasha la Nyuma ya Gari: Fundi Anajibu

Barabara ya kwenda Sala, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, imewapa watu hamu. Kila mwenye gari hapa Malindi sasa anataka kulala Tsavo Mashariki siku mbili tatu, na kila anayekuja karakanani anauliza jambo lile lile: mizigo ya nyuma ipangwe vipi isirukeruke? Haya hapa maswali sita. Ya bei njooni tuongee ana kwa ana.

Salaam aleikum fundi. Nina Prado, nataka kutoa viti vya nyuma nitengeneze kasha la droo mbili, nilale juu yake. Babangu ana mbao za mbambakofi stoo. Zitafaa? (Shela)

Aleikum salaam, mwanangu. Mbao hizo mwachie mzee atengenezee mlango. Kasha langu la kwanza la gari nililiunda kwa mbambakofi, nikalichonga hata pembe kwa kiburi cha ujana. Lilipendeza kweli. Tulilibeba watu wanne, na tulipolitia garini gari likakaa kitako. Kabla hatujafika Langobaya springi ya nyuma ilikuwa imelala na tairi linasugua bodi. Kasha tuliliteremsha kwa jamaa mmoja njiani, na mpaka leo anawekea mahindi.

Tumia plaiwudi ya marini, ambayo gundi yake haiachii kwa maji. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 ina uzito wa kilo 30 hivi. Ya milimita 12 ni kama kilo 20. Kazi yako itakula karatasi mbili au tatu, basi piga hesabu mwenyewe. Mimi hutumia 12 kwa kasha na 9 kwa mbavu za droo. Utauliza: na pale juu ninapolala, 12 haitabonyea? Itabonyea ukiiacha tupu. Mwangalie fundi wa mashua: hatafuti ubao mnene, hutia mataruma, zile mbavu za ndani. Nawe gundisha vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 1 chini ya kitanda, kimoja kila sentimita 30, na hata mtu mnene atalala.

Kabla ya msumeno, kata kadibodi. Ndani ya gari hakuna pembe mraba hata moja, na pale juu ya tairi pamevimba. Pima pia upana wa mlango wa nyuma, si wa ndani tu. Nimeshamwona mtu akilikata kasha jipya vipande viwili kwa sababu halikupita mlangoni. Halafu weka kreti la soda garini, uketi juu yake. Kichwa kikigonga dari, kasha lako lazima liwe fupi kuliko kreti.

Fundi wa chuma aniambia nitoboe sakafu kwa keekee nifunge kasha kwa bolti. Ni sawa? (Maweni)

Hapana, bwana. Chini ya sakafu hiyo mna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya, na kila tundu jipya ni mlango wa kutu. Ukishatoa viti, matundu ya bolti zake yamebaki. Yalitengenezwa kushika mtu wakati wa ajali, kwa hivyo yatashika kasha. Kama gari lako lina pete za kufungia mizigo, zitumie hizo na mikanda ya racheti.

Lakini usiache kulifunga. Dumu la maji la lita 20 likiwa bila mkanda nyuma yako, nawe ukagonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, litakujia kisogoni kwa nguvu ya dumu lililoangushwa kutoka mita 10 juu, yaani paa la ghorofa tatu. Na droo iliyojaa vyombo je?

Misumari usitumie kabisa, barabara ya vumbi huing'oa mmoja mmoja. Gundi ya mbao pamoja na skrubu kwenye viungo. Bolti zitie washa pana na nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtikisiko.

Slaidi za chuma za droo zinazobeba mzigo mzito ni ghali mno. Kuna njia nyingine? (Watamu)

Ipo, na ni ya kizamani: droo iteleze juu ya mbao zilizopigwa randa vizuri na kusuguliwa mshumaa. Mbao haziuogopi mchanga, slaidi huuogopa. Lakini tia komeo mbili kila droo, maana ukipanda kilima yenyewe hujifungua.

Kila tukirudi safari unga wa chapati umekuwa mwekundu. Vumbi lapita wapi na madirisha nimefunga? (Dada wa Barani)

Dada, gari likienda huacha ombwe nyuma yake, na ombwe hilo huvuta vumbi lipenye kwenye mlango wa nyuma. Bana ukanda wa karatasi kwa mlango kisha uuvute. Ukitoka bila kukaza, raba ya pale imechoka. Zunguka mlango mzima hivyo, robo saa inatosha. Usiku mtu aingie ndani na tochi, wewe nje uangalie mwanga unapochungulia. Ukiwa njiani fungua feni ya mbele ivute hewa ya nje, ili ndani kuwe na msukumo wa kutoka. Madirisha ya nyuma usiyafungue hata kwa joto, ndiyo yanayoliita vumbi. Unga nao utie kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko cha kubana.

Maji niweke juu ya paa ili ndani pabaki wazi? (Mambrui)

Lita 100 ni kilo 100, nazo juu ya paa zitalilaza gari kwenye kona. Weka madumu chini, nyuma ya viti vya mbele, mbele ya ekseli ya nyuma. Na ni madumu kweli utakayohitaji, kwani tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani. Petroli ikae nje. Mtungi wa gesi usimamishe, na chini ya sanduku lake toboa matundu ya kutoa hewa nje, maana gesi ikivuja hushuka chini, haipandi.

Kutu ya pwani yanimalizia bawaba. Na babu asema mbao nizipake sifa, yale mafuta ya papa, kama mashua. (Ngomeni)

Bawaba na skrubu nunua za stenlesi, hapo hakuna ujanja. Mbao zipake vanishi ya mashua mara tatu, na kingo mara nne, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji kwa ukingo. Babu yako anajua analosema, sifa imehifadhi vyombo miaka na miaka. Lakini chombo hakilaliwi na madirisha yamefungwa. Lala usiku mmoja porini juu ya mafuta ya papa, uone fisi watakavyokuja kuulizia samaki.